DOHANI IKAE MBALI NA NYASI

Mazungumzo ya ofisa elimu ya watu wazima kwa wanakisomo wa Zagayu, Mkoa wa Simiyu



Leo tunazungumza juu ya dohani. Dohani ni njia ya kutolea moshi jikoni. Wengine huiita bomba la moshi, na ni sawa. Tuliandike neno ubaoni kwanza: do-ha-ni. Haya, tuendelee.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu karibu milioni mbili wa nchi hii walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, halafu wakashika majembe. Walifundishwa juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Vyoo vilichimbwa, majani yakafyekwa. Moshi wa jikoni haukuwamo katika magonjwa hayo, na mpaka leo wengi wetu tunauona kitu cha kawaida tu. Mama anatoka jikoni macho mekundu, anapenga kamasi nyeusi, nasi tunasema, "Ndiyo kupika huko."

Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo vinavyotokana na moshi na hewa chafu ya majumbani. Kwa mwaka 2020 lilipata watu milioni 3.2 duniani kote. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao ndio wanaobebwa mgongoni mama anapopika. Mtoto wa mgongoni anavuta moshi ule ule wa mama yake, na kifua chake bado kidogo.

Serikali yetu nayo imeliona jambo hili. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, kama gesi na umeme. Ni lengo zuri. Lakini ugali wa leo jioni hapa Zagayu kwa wengi wetu utapikwa kwa kuni, kwa mabua, au kwa miti ya pamba. Kwa hiyo lazima tujue jinsi ya kuutoa moshi huo nje.

Watu wengi sasa wanajenga majiko ya udongo na matofali yenye dohani. Tunawapongeza. Lakini hapa ndipo penye hatari ambayo imetuleta leo. Moto uliokuwa chini, katikati ya mafiga matatu, sasa tunaupandisha mpaka kwenye paa. Dohani iliyojengwa vibaya inamwondolea mama moshi, halafu siku moja inaiunguza nyumba nzima, na chakula kilichomo, na pengine mtoto aliyelala.

Hebu tutazame kwanza dohani inavyofanya kazi. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi. Kwa hiyo inapanda. Inapopanda ndani ya dohani, huvuta hewa nyingine kutoka jikoni, ipite kwenye kuni, ipande nayo. Dohani ikiwa ndefu, huvuta kwa nguvu. Ikiwa fupi, huvuta kidogo. Ndani yake hupita moshi, joto, na cheche pia. Miti ya pamba mnaijua: inawaka haraka, inalialia, inarusha cheche. Mabua ya mtama ndiyo zaidi, majivu yake mepesi yanapaa yakiwa bado mekundu.

Sasa, wenzetu wengine waliunguliwa kabla yetu, wakaandika kanuni. Tuwaangalie hao.

Mwaka 1631 Boston, Marekani, kilikuwa kijiji kipya cha wahamiaji kutoka Uingereza. Nyumba zao zilikuwa na paa la nyasi, na dohani zao zilikuwa za fito zilizokandikwa udongo. Je, hamwoni kwamba tunafanana nao? Udongo ulipokauka ulipasuka na kubanduka, fito zikabaki wazi mbele ya moto. Nyumba ziliungua. Wakubwa wa pale wakatoa amri: asijenge mtu dohani ya miti, wala asiezeke nyumba kwa nyasi. Mji wa London nao uliungua mwaka 1666. Moto ulianzia nyumbani kwa mwoka mikate tarehe 2 Septemba, ukateketeza nyumba 13,200 na makanisa 87. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria kwamba nyumba zijengwe kwa matofali au mawe.

Hatutawaambia muache nyasi kesho asubuhi. Bati ni fedha, na fedha ya pamba tunajua inavyokuja na inavyoondoka. Lakini amri ile ya kwanza tuichukue kama ilivyo: dohani ya fito usijenge, hata ukiikandika vizuri namna gani.

Basi tujenge kwa nini? Kwa tofali la kuchoma, au kwa udongo mzito uliochanganywa na mchanga. Marekani leo wanacho kitabu cha kanuni za kujenga nyumba za kuishi, na ndani yake dohani ya matofali imeandikiwa vipimo vyake. Tutavitaja kwa sentimita, na kwa vidole pia, maana kidole husahau kukiacha nyumbani.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni hiki. Mti wowote, uwe boriti, kenchi, papi au fito, usiguse dohani ya matofali. Acha nafasi ya sentimita 5. Vidole vitatu vya mtu mzima vikikaa pamoja ni kama sentimita 5. Nafasi hiyo iwe tupu, usiijaze nyasi wala magunia.

Mtu atauliza, "Tofali si linazuia moto? Kwa nini mti usiliegemee?" Ni swali la haki. Tofali huzuia ndimi za moto, lakini joto hupita pole pole. Mti ulioegemea tofali la moto kila siku, mwaka baada ya mwaka, hukauka ndani, hugeuka rangi, huwa kama mkaa usiowashwa. Mti wa namna hiyo hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mbichi au mti mkavu wa kawaida. Ndiyo maana nyumba inaweza kukaa miaka mitano salama, na mwaka wa sita ikaungua usiku, watu wakasema imerogwa. Haikurogwa. Boriti iliegemea dohani.

Je, na wale wanaotumia bomba la bati? Wapo wengi, maana bati ni rahisi kukunja. Fundi anachukua bati kuukuu, analiviringisha, anapiga misumari, analipitisha kwenye nyasi, kazi imekwisha. Ndugu zetu, hiyo ni hatari kubwa. Bati ni jembamba na joto lote linapita papo hapo. Kanuni za Marekani zinataka bomba la bati moja tu, lisilo na ganda la pili, likae sentimita 45 kutoka kwenye mti au kitu chochote kinachowaka. Ni karibu mkono mmoja, toka kiwiko mpaka ncha za vidole. Linganisheni: tofali vidole vitatu, bati mkono mzima. Na bomba kama hilo haliruhusiwi kabisa kupita kwenye dari wala kwenye paa. Kazi yake ni kuunganisha jiko na dohani yenyewe, basi.

Unene wa ukuta wa dohani usipungue sentimita 10, na ndani yake liwekwe bomba la udongo wa kuchoma. Hapa kwetu mabomba hayo ni shida kuyapata. Basi jenga ukuta mnene zaidi, sentimita 20, yaani tofali zima kwa urefu wake, na viungo vyote vijazwe, usione mwanga. Ndani sawazisha kwa udongo na mchanga. Lipu ya saruji peke yake haipendi moto, hupasuka.

Udongo nao una elimu yake. Mwaka 1976 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati. Baada yake watu wa vijijini kule walianza kujenga jiko la udongo na mchanga lenye dohani. Waliliita Lorena, kwa kuunganisha maneno mawili ya lugha yao, moja tope na moja mchanga. Siri yake ni mchanga kuwa mwingi kuliko udongo. Udongo ukizidi, jiko linapasuka linapokauka. Kupima ni rahisi. Finyanga mipira midogo minne au mitano, kila mmoja na mchanganyo wake, ianike kivulini siku kadhaa. Mpira uliopasuka, udongo umezidi. Unaomomonyoka mkononi, mchanga umezidi. Ule mgumu usio na ufa ndio wako. Akina mama waliowahi kufinyanga vyungu wanalijua hili kuliko sisi, na inafaa fundi awasikilize.

Sasa tupande juu. Dohani itokeze kiasi gani juu ya paa? Kanuni ya paa la bati inasema hivi: sentimita 90 au zaidi juu ya mahali inapotokea, na pia sentimita 60 juu ya kitu chochote kilichoko karibu nayo kwa mita 3. Kwa hiyo kama mgongo wa paa uko ndani ya hizo mita 3, dohani iupite mgongo huo kwa sentimita 60. Sababu ni upepo. Upepo ukivuka mgongo wa paa hujikunja ukashuka upande wa pili. Ukiikuta dohani fupi, huurudisha moshi jikoni, na mama atasema dohani haina faida, ataiziba kwa gunia.

Kwa paa la nyasi mambo ni makali zaidi. Uingereza bado wanazo nyumba za nyasi, na mwongozo wao unataka dohani ipande mita 1.8 au zaidi juu ya nyasi pale inapotokea, na ipite mgongo wa paa kwa sentimita 60. Mita 1.8 ni mtu mrefu aliyesimama juu ya nyasi. Dohani ya namna hiyo ni nzito na ghali. Maoni yetu sisi ni haya: mwenye nyumba ya nyasi asipitishe dohani kwenye nyasi hata kidogo. Ajenge jiko peke yake, mbali na nyumba ya kulala, alieezeke kwa bati mbili tatu. Bati za jiko dogo ni chache. Kaya nyingi za Usukuma tayari zina jiko la peke yake uani, kwa hiyo si mila mpya. Lakini dohani ya jiko isielekee upande ambao upepo wa kiangazi utabeba cheche mpaka kwenye nyasi za nyumba kubwa, au kwenye mabua ya ng'ombe, au kwenye ghala.

Chini nako kuna kanuni. Mbele ya mdomo wa moto, sakafu isiyowaka itokeze sentimita 40, na kila upande sentimita 20. Hapo usiweke kuni za kesho, wala mkeka, wala mtoto. Kwa wengi wetu sakafu ni udongo, hilo tumelipata bure.

Na upana wa njia ya moshi? Hapa tutoe madaftari, ni hesabu. Kwa jiko lenye mdomo wazi na njia ya moshi ya mraba, njia hiyo iwe sehemu moja ya kumi ya mdomo wa moto. Mdomo ukiwa upana sentimita 40 na kimo sentimita 30, tunazidisha: 40 mara 30 ni 1,200. Gawanya kwa 10, tunapata 120. Njia ya sentimita 11 kwa 11 inatoa 121. Inatosha. Ukiifanya ndogo, moshi utarudi jikoni.

Jambo moja tusilipite haraka, maana ni la kwetu hasa: ardhi. Zagayu na sehemu kubwa ya Itilima na Bariadi ina udongo wa mbuga, ule mweusi. Mnajua unavyofanya. Masika unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unaingia kwenye ufa. Dohani ni nzito na nyembamba. Ikisimama juu ya mbuga bila msingi mzuri itainama, itapata ufa, na ufa wa dohani ndio mlango wa cheche. Kama una nafasi ya kuchagua, jenga jiko kwenye luseni au kwenye mwinuko wa changarawe. Kama huna, chimba mpaka upite udongo unaovimba. Msingi wa zege au mawe uwe na unene wa sentimita 30, na uzidi dohani kwa sentimita 15 kila upande. Tena, dohani isibebe paa, na paa lisiibebe dohani. Kila kimoja kisimame kwa miguu yake, maana vikifungwa pamoja, kimoja kikisogea kinakivunja kingine. Fundi atumie timazi kila baada ya kozi tatu au nne. Kuna mafundi hodari wa kuta ambao dohani hawajawahi kujenga, msione haya kuwauliza.

Wazee wengine wanasema, moshi una faida: unafukuza wadudu kwenye nyasi za paa na kwenye mbegu zilizoning'inizwa juu ya moto. Ni kweli, hatubishi. Lakini mbegu unaweza kuzihifadhi kwa majivu makavu ndani ya chombo kilichofunikwa vizuri. Kifua cha mama hakihifadhiwi kwa majivu.

Dohani ikishajengwa ina kazi ya kufagiwa. Moshi huacha masizi, na kuni mbichi huacha utomvu mweusi kama lami. Vyote viwili vinawaka. Acha kitundu cha kufagilia chini ya dohani, chenye tofali la kuziba. Funga fungu la matawi au majani magumu kwenye kamba yenye jiwe, lishushe kutoka juu, lipandishe na kulishusha. Fanya hivyo mara kwa mara, na kila mara masizi yakifika unene wa ukucha. Jiko liwe limepoa. Na usiku, makaa yakiwa bado yapo, usizibe dohani ili kuzuia baridi. Hewa ya makaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wamelala.

Je, dohani ikishika moto ndani? Utasikia inavuma kama upepo mkali, na juu utaona ndimi. Kwanza toa watu wote. Halafu ziba mdomo wa jiko kwa udongo mbichi au mchanga ili moto ukose hewa. Usimwage maji ndani ya dohani: maji yakikutana na tofali la moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kuipasua dohani, moto ukatokea kwenye ufa. Maji yamwagieni paa na vitu vya karibu.

Sasa tufike kwenye sheria. Mjini, mtu akitaka kujenga anapaswa kupata kibali, na mkaguzi anaweza kuja. Huku kijijini hakuna mtu atakayekuja kupima dohani yako kwa futi kamba. Lakini sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya, Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Njia yake ni hii. Halmashauri ya kijiji inaandika pendekezo. Mkutano mkuu wa kijiji unaitwa, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe, wananchi wanatoa maoni. Kisha pendekezo linapelekwa Halmashauri ya Wilaya, na likikubaliwa huko ndipo linakuwa sheria.

Hili si geni kwetu. Wakulima wa pamba tunaijua amri ya kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno, ili wadudu wasibaki shambani. Kama tunaweza kuwa na sheria ya kumlinda mche wa pamba, tunaweza kuwa na sheria ya kumlinda aliyelala ndani ya nyumba.

Tunapendekeza maneno machache yanayosomeka na kila mtu: "Dohani isijengwe kwa miti. Dohani isipite kwenye paa la nyasi. Mti wowote ukae sentimita 5 mbali na dohani ya matofali, na sentimita 45 mbali na bomba la bati. Jiko jipya lisiwashwe kabla halijatazamwa na watu wawili waliochaguliwa na kitongoji." Juu ya faini, mkutano utaamua. Kwa maoni yetu, hao watu wawili watafaa kuliko faini, na mmoja wao awe mama. Baba hujenga jiko, lakini anayeujua moshi ni anayepika, naye mara nyingi haulizwi.

Tunaomba viongozi wa madarasa waandike pendekezo hili kwa mwandiko mkubwa na kulipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya mkutano ujao. Kila mwanakisomo atie sahihi yake kwa kalamu. Dole gumba hatulihitaji tena hapa.

Jumamosi ijayo, saa 3 asubuhi, tutajenga dohani ya mfano katika jiko la kituo. Kila mtu alete debe moja la udongo wa kichuguu, au mchanga wa mtoni kwa walio karibu na mto. Udongo wa mbuga msilete. Mwenye futi kamba au timazi aje nayo, na wale walioanza kufinyanga mipira ya majaribio waje nayo, hata iliyopasuka.